Maarifa ya Vikundi vya Pwani Yasizikwe Kwenye WhatsApp

Mimi ni katibu wa mtandao wa vikundi vya pwani hapa Tanga: wapanda mikoko wa Tongoni, wavuvi wa pweza wa Kigombe, akina mama wa mwani kule Mkinga. Watu wetu wanajua mengi. Shida ni kwamba wanayoyajua yamo kwenye kundi la WhatsApp, yamefunikwa na salamu za Ijumaa zenye maua.

WhatsApp msiifunge, watu wako huko. Ila ichukulieni kama baraza: mtu anauliza, anajibiwa, watu wanatawanyika. Mwakani swali lilelile litarudi.

Kwa hiyo mteueni mtunzaji, mtu mmoja tu, maana kazi ya wote haina mwenyewe. Kila wiki apitie kundi, achague majibu yenye faida na kuyahamishia kwenye hati moja ya Google: swali, jibu, aliyejibu, mahali, tarehe. Mahali pasikosekane. Miche ya mikoko iliyoshika kwenye tope la Tongoni inaweza kufa yote ikipandwa kwenye mchanga wa jirani.

Wazee na bibi zetu wa pweza msiwalazimishe kuandika. Watume sauti, kijana asikilize na kuandika kwa maneno yao, kisha awasomee kabla hajayaweka kwenye hati. Hapa ndipo nimepata mambo ambayo hakuna ripoti ya mfadhili iliyowahi kuyataja.

Takwimu ni habari nyingine. Uzito wa pweza baada ya kufungua mwamba uliofungwa kwa muda ili pweza wakue usiandikwe kwenye meseji, tumieni KoboToolbox, programu ya kukusanya takwimu kwa fomu. Fomu inajazwa kwenye simu hata pasipo mtandao, inatumwa ukifika penye mnara. Maswali yawe machache. Fomu ndefu juani hujazwa kwa kubahatisha.

Faili zikae Google Drive, kwenye akaunti ya kikundi, si ya afisa mradi. Akihama, nyaraka zisihame naye. Nafasi ya bure ni GB 15, na video huimaliza haraka. Majina ya faili yaanze na mwaka, mfano 2025-03-Kigombe-pweza, zitajipanga zenyewe. Wengi wapewe ruhusa ya kusoma, wawili watatu ya kuhariri. Na kwenye WhatsApp zimeni upakuaji wa picha wa moja kwa moja, bando la mwenzenu lisiteketee.

Mikutano ya mtandaoni iitisheni wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haikupwi sana. Siku za bamvua, saa nne asubuhi maji yamekupwa na akina mama wako mwambani. Ukiwaita saa hiyo utazungumza na wenzako wa ofisini.

Kabla ya kusambaza jina, namba ya simu au picha ya mtu, muombeni ridhaa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo haiwasahau wenye nia njema. Mahali hasa penye mashimo ya pweza msipaweke kabisa kwenye hati ya wazi. Mvuvi akigundua mmemwaga siri yake, hatawaambia tena lolote.

Wasio na simu janja nao wana haki. Kila mwezi chapeni ukurasa mmoja wa majibu mapya, herufi kubwa, mkaubandike ofisi ya BMU, kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi, na pale samaki wanaponadiwa, na chini yake muache nafasi ya mtu kusahihisha kwa kalamu.