Kumtunza mbwa mdogo mwenye maumivu ya nyonga na viungo katika nyanda zenye baridi

Ugonjwa wa viungo tumezoea kuuita baridi yabisi, na jina hilo limetuponza sisi wakazi wa Nyanda za Juu Kusini, kwa sababu mbwa akianza kuchechemea mwezi wa Juni au Julai tunailaumu baridi ya Uyole au ya Makambako, tunamtupia blanketi kuukuu, kisha tunasubiri jua la Septemba. Ni kweli kwamba baridi humzidishia ukakamavu mbwa ambaye kiungo chake kimekwisha kuharibika, lakini si baridi inayokiharibu. Kwa mbwa wadogo, mara nyingi chanzo ni pia ya goti, yaani kile kifupa cha mbele ya goti, inayoteleza na kutoka mahali pake, au kichwa cha mfupa wa paja kisichokaa vizuri kwenye kikombe cha nyonga, au gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kiungoni, lililosagika kwa umri na uzito.

Anza kwa kumtazama anavyotembea. Mbwa ambaye pia ya goti lake inateleza hukunja mguu mmoja wa nyuma katikati ya mbio, akaruka hatua mbili tatu kwa miguu mitatu, kisha akaendelea kama kawaida, nao watoto hucheka wakidhani anacheza. Mwenye nyonga mbovu huamka amekakamaa, hulegea akishatembea kidogo, na hukataa ngazi alizokuwa akizipanda kila siku. Mbwa wa jamii ndogo ambaye hajatimiza mwaka, akichechemea mfululizo huku paja likikonda, apelekwe kwa daktari wa mifugo mapema, kwa kuwa katika umri huo kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kufa kwa kukosa damu, na tiba yake kwa kawaida ni upasuaji. Mkague pia kupe masikioni na katikati ya vidole, maana homa zinazoenezwa na kupe huweza kuleta maumivu ya viungo yanayofanana kabisa na haya, ilhali matibabu yake ni mengine.

Jambo la kwanza la kushughulikia ni uzito, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea kwa huruma. Mbwa wangu, Bobi, alinenepa kwa makombo ya ugali, ngozi za kuku na maparachichi yaliyodondoka uani, nami nikaona ni afya. Nilimpima kwa mizani ya kuning'inia ya muuza viazi, akiwa ndani ya kikapu na kichwa chake kikichungulia nje, na kikapu kilipotolewa hesabuni akabaki na kilo 8, wakati mwili wake ulistahili kilo 6 na nusu. Ukikosa mizani, pitisha vidole ubavuni: mbavu zinapaswa kuhisiwa kwa mguso mwepesi bila kubonyeza. Punguza chakula polepole, ili mbwa wa kilo 8 apungue takribani gramu 80 hadi 160 kwa wiki, wala usishangae mwendo ukibadilika akishapungua nusu kilo tu. Ugali uwe kidogo, dagaa waliooshwa kuondoa chumvi na mchanga waongezwe, mboga zichemshwe bila vitunguu, na parachichi liondolewe kabisa, kwani lina mafuta mengi na kokwa lake linaweza kumkaba au kuziba utumbo.

Baada ya uzito, tazama sakafu. Saruji iliyosuguliwa na vigae vinavyong'aa humfanya atanue miguu ya nyuma kila anapoinuka, na kila mtelezo ni maumivu mapya. Tandika mikeka au vipande vya zulia kwenye njia anazopita, hasa mbele ya bakuli lake, na mkate kucha zikianza kugonga sakafu. Kwenye vizingiti na ngazi, weka ubao mpana wenye mteremko mdogo, uliopigiliwa gunia ili asiteleze.

Malazi yainuliwe kutoka ardhini kwa mbao, kisha yajazwe maranda makavu ya paini, ambayo maseremala wa huku wanayo tele, na juu yake iwekwe blanketi nene. Chagua maranda, si vumbi la msumeno, kwa kuwa vumbi humwingia puani. Asubuhi za ukungu unaweza kumwekea chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo mahali anapoweza kuiacha akitaka. Usimlaze na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa; hewa yake huua watu, sembuse mbwa.

Mazoezi yasiachwe, kwani misuli ya paja ndiyo inayokishikilia kiungo kibovu. Mtembeze dakika 10 mara tatu kwa siku, jua likishachomoza, kwenye njia tambarare, ukitumia mkanda wa kifuani. Wakazi wa miji yenye vilima kama Iringa watalazimika kumbeba kwenye miinuko: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio. Kumrushia mpira ni marufuku, maana kule kugeuka ghafla ndiko kunakoumiza.

Kuhusu dawa sitalegeza neno. Diklofenaki na ibuprofeni zinazouzwa katika kila duka la dawa zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake, na kwa mbwa mdogo hata kidonge kimoja ni kingi. Zipo dawa za maumivu zinazotumika kwa mbwa, kama meloksikamu na kaprofeni, lakini dozi hupangwa na daktari wa mifugo kwa kufuata uzito, nazo hutolewa pamoja na chakula. Akitapika, akikataa kula au akitoa kinyesi cheusi, simamisha dawa na umpigie daktari. Kabla ya kwenda kumwona, mrekodi kwa simu akiinuka asubuhi, kwa sababu mbwa wengi huficha kuchechemea wakifika mahali pageni.

Iwapo ataburuta miguu yote miwili ya nyuma au kushindwa kuzuia mkojo, tatizo huenda liko kwenye uti wa mgongo. Mlaze juu ya ubao, mfunge kwa kanga asijigeuze, na umpeleke siku hiyohiyo.