Theluji ya majira ya kuchipua: panda mapema, shuka kabla haijalegea

Katika majira ya kuchipua, hali ya mteremko huamuliwa usiku. Mbingu zikiwa wazi, uso wa theluji hupoteza joto na kuganda, hata hewa ikiwa juu kidogo ya nyuzi sifuri. Mawingu yakitanda, joto halitoki, na hata kukiwa na baridi unaweza kukuta ganda jembamba tu. Kwa hiyo usitegemee kipimajoto peke yake. Toka nje usiku uangalie kama nyota zinaonekana.

Kabla ya kupanda, piga theluji kwa kisigino, kisha chimba. Ganda linaweza kukubeba alfajiri na bado likawa la sentimita 2 tu juu ya theluji iliyolowa. Hilo halichukui muda kuyeyuka. Likiwa nene na gumu, una saa chache za kutembea kwa usalama zaidi. Kaskazini mwa ikweta, jua huanza na miteremko ya mashariki, likaja kusini, na alasiri magharibi. Panga njia kwa mfuatano huohuo, na uwe umeshatoka kwenye kila mteremko kabla haujalainika na theluji kuweza kuporomoka.

Geuka ukiona mojawapo ya haya: mipira ya theluji inabingirika yenyewe, mguu unazama kupita kifundo, au ukikamua konzi ya theluji maji yanachuruzika. Usisubiri dalili ya pili.

Maporomoko mengi ya theluji huanzia kwenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45. Upime, macho hudanganya. Lakini kutembea kwenye tambarare hakukuokoi ikiwa juu yako kuna mteremko mkali. Theluji iliyolowa huporomoka yenyewe bila kukanyagwa, na ikisimama hukaza kama zege. Hatari huzidi sana usiku kadhaa ukipita bila kuganda, kwa sababu maji hupenya hadi tabaka dhaifu za chini. Ufa mpana unaofika ardhini ni onyo la peke yake: theluji hiyo inateleza juu ya majani au mwamba, na inaweza kukatika saa yoyote, hata usiku. Usipumzike chini yake. Ukingoni mwa kilele nako, kaa mbali na theluji iliyoning'inia. Hukatika nyuma zaidi ya unavyodhani.

Kila mtu abebe kifaa cha redio cha kutafutia waliofukiwa, kikiwa kimewashwa tangu mwanzo, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na koleo la chuma. Vukeni mteremko mmoja mmoja, wengine wakitazama. Mtu akifukiwa, nafasi ya kumkuta hai hushuka haraka baada ya dakika 10 za kwanza, hivyo wenzake ndio waokoaji. Wakati wa kutafuta, simu ikae angalau sentimita 50 kutoka kwenye kifaa. Fimbo ikimgusa, iacheni hapohapo, mshuke kidogo upande wa bondeni na kuchimba kwa ubavu kumwelekea. Mkichimba kutoka juu mtakuwa mmesimama juu yake.