Poka ya mtandaoni Marekani: namna ya kujua kama mchezo wako ni halali

Anza na mahali ulipoketi. Mkazi wa New York akivuka Mto Hudson na kuingia New Jersey, anaweza kufungua programu yenye leseni na kucheza poka kwa pesa bila kuvunja sheria. Akirudi New York, programu hiyohiyo inamfungia. Anwani ya nyumbani haina uzito hapa. Kinachoangaliwa ni jimbo ulimo dau linapowekwa, na umri wako, ambao kwenye majimbo yenye leseni ni miaka 21 au zaidi.

Baada ya hapo soma sheria ya shirikisho, ila usiipe uzito isiokuwa nao. Inayotajwa sana ni UIGEA, sheria ya malipo ya kamari haramu ya intaneti, iliyochomekwa ndani ya mswada wa usalama wa bandari na kutiwa saini na Rais George W. Bush tarehe 13 Oktoba 2006. Wengi wanaamini ndiyo iliyopiga marufuku poka. Hapana. Inamkataza mwenye biashara ya kamari kupokea malipo ya dau ambalo tayari ni haramu kwa sheria nyingine, na inazibana benki. Fungua kifungu cha 5362(10), Juzuu ya 31 ya sheria za shirikisho, usome mambo mawili: dau linalowekwa na kupokelewa ndani ya jimbo moja limeondolewa, mradi sheria ya jimbo inaliruhusu na inadai uthibitisho wa umri na mahali, na data ikipita jimbo jingine njiani, hilo halihesabiki.

Sheria ya pili ni Wire Act ya 1961, inayokataza biashara ya kamari kupitia nyaya za mawasiliano kati ya majimbo. Idara ya Sheria ilitamka mwaka 2011 kwamba inahusu kamari ya michezo tu, ikageuka mwaka 2018, kisha Januari 2021 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko Boston ikarudisha msimamo wa kwanza.

Kazi yenyewe iko kwenye sheria ya jimbo. Tafuta tafsiri ya kamari katika kanuni ya adhabu ya jimbo hilo. Kwa kawaida ina nguzo tatu: unatoa kitu cha thamani, bahati inaamua matokeo, na kuna zawadi. Poka inabishaniwa kwenye nguzo ya pili. Majimbo mengine huuliza kama bahati inazidi ujuzi. Mengine, New York ikiwemo, hutosheka bahati ikiwa na mchango mkubwa tu, na hapo hoja ya kwamba poka ni mchezo wa akili haikuokoi. Angalia pia kama kuna kifungu kinachotaja intaneti kwa jina. Jimbo la Washington lilifanya kamari ya intaneti kuwa kosa la jinai mwaka 2006, na Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikakiacha kifungu hicho kisimame mwaka 2010. Na msamaha wa kucheza karata nyumbani na marafiki usiuhamishie mtandaoni. Mara nyingi haufiki huko.

Kama jimbo linaruhusu, hakikisha leseni. Usitegemee nembo iliyobandikwa chini ya tovuti, maana kubandika nembo ni kazi ya dakika moja. Nenda kwenye tovuti ya mdhibiti mwenyewe, kwa mfano Michigan Gaming Control Board au Division of Gaming Enforcement ya New Jersey, utafute jina la kampuni kwenye orodha yake. Leseni ya kisiwa fulani nje ya Marekani haina nguvu ndani ya jimbo lolote. Tarehe 15 Aprili 2011 waendesha mashtaka wa shirikisho walipowafungulia kesi wakuu wa tovuti za poka za nje PokerStars, Full Tilt na Absolute Poker, wachezaji hawakushtakiwa, lakini wa Full Tilt walikaa miaka wakisubiri salio lao.

Kukutana mezani na mchezaji wa jimbo jingine kunahitaji mkataba kati ya majimbo. Nevada na Delaware waliuanzisha mwaka 2014. Wakafuata New Jersey, Michigan, West Virginia, na Pennsylvania mwaka 2025.

Ukiwa mahali halali na programu bado inakukataa, kagua VPN (programu inayoficha mahali ulipo) kwanza, kisha programu za kuendesha kompyuta kutoka mbali. Zote mbili huzuiwa hata kama hukuwa na nia mbaya. Washa huduma ya mahali kwenye simu. Karibu na mpaka wa jimbo usomaji huyumba, hivyo sogea ndani kidogo. Kutumia VPN kujifanya uko kwingine ni jambo tofauti kabisa: akaunti hufungwa na ushindi huzuiwa.

Kodi ya shirikisho unadaiwa kwa ushindi wote, uwe umepewa fomu ya kodi au la, kwa hiyo andika kila kikao: tarehe, tovuti, ulichoingiza na ulichotoa. Kwa sheria iliyopitishwa Julai 2025, kuanzia mwaka wa kodi 2026 unaruhusiwa kukata kwenye ushindi asilimia 90 tu ya hasara. Aliyeshinda dola 10,000 na kupoteza dola 10,000 anakata 9,000, na dola 1,000 ambazo hana mfukoni zinahesabiwa kuwa kipato.