Namna ya Kuchagua kati ya Kadari, Majaliwa, Ajali na Hatima

Anayeandika kuhusu yale yanayomfika mwanadamu bila yeye kuyachagua hukuta mbele yake maneno manne, na mara nyingi huchukua lililo karibu kana kwamba yote ni mamoja. Si mamoja. Njia ya kuyatenganisha ni kurudi kwenye asili, kwa kuwa yote yametoka katika Kiarabu na maana ya mzizi ingali inafanya kazi katika Kiswahili cha leo.

Anza na kadari, kwa sababu ndilo zito kuliko mengine. Limetokana na qadar, neno lenye maana ya kipimo, na ndugu zake tunao kila siku: tunakadiria gharama, mawaziri husoma makadirio ya matumizi bungeni, na kudura, yaani uwezo wa Mwenyezi Mungu, ni ya mzizi huohuo. Kwa hiyo aandikaye kadari anasema kwamba jambo limepimwa, na kilichopimwa hakikosi mpimaji. Ndiyo maana Waislamu wa Sunni huhesabu kuamini kadari, ya heri na ya shari, kuwa nguzo ya sita ya imani. Ikiwa sentensi yako haina nafasi ya Mungu, liache. Kwa maoni yangu, kuandika “kadari ya timu yetu kwenye ligi” ni kosa la maana, hata kama sarufi yake haina dosari.

Mtafsiri ana mtego wa ziada. Neno la Kiingereza destiny lilipitia Kifaransa kutoka Kilatini destinare, kukaza kitu kikae imara, nalo hubeba pamoja jambo lililoamuliwa na mwisho ambao mtu ataufikia. Kiswahili huyatenga hayo mawili, hivyo amua kwanza mwandishi alikusudia lipi.

Majaliwa yametoka katika kitenzi kujaalia, na hali yake ya kutendwa inaeleza mengi: mtu hujaaliwa, hajijaalii. Husemwa “tukijaaliwa tutaonana kesho” na “amejaaliwa sauti nzuri”, na watoto hupewa jina hilo. Litumie pale panapohusika kupewa.

Ajali ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Kwa asili ni muda uliowekwa, hasa siku ya mtu kufa, na maana hiyo imehifadhiwa katika methali “Riziki kama ajali, huitambui ijapo.” Msomaji wa leo, hata hivyo, akiliona neno hili huwaza magari yaliyogongana. Ukitaka maana ya kale, izungushie maneno yatakayoilinda, kwa mfano “ajali yake ilikuwa imewadia”. La sivyo utasomwa vibaya, na kosa litakuwa lako.

Hatima haidai imani yoyote. Asili yake ni khatima, mwisho, nayo ni jamaa ya kuhitimu, kuhitimisha na hitima, kisomo anachosomewa marehemu. Waandishi wa habari wanaoandika “hatima ya mazungumzo” hawajakosea.

Ukisitasita, weka badala ya neno maelezo yake: kipimo cha Mungu, alichopewa, muda wake, mwisho wake. Chukua habari ya mvuvi aliyefia baharini. Ukiandika kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa kadari yake, umemtaja Mungu hata kama jina lake halimo katika sentensi. Ukiandika kwamba alikufa kwa ajali, msomaji ataona chombo kilichopinduka. Ukiandika kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa hatima yake, umeeleza alivyoishia tu, na suala la nani aliyepanga umelibakiza kwa msomaji.