Kufunga antena pwani ili bolti zisiliwe na chumvi

Ukiteremsha antena iliyokaa miaka michache juu ya paa Tanga, Mombasa au Bagamoyo, mara nyingi utakuta mirija ya alumini bado mizima. Zilizoisha ni yubolti (bolti zenye umbo la U), klampu na skrubu, vitu ambavyo ukivijumlisha vyote havifikii bei ya kebo. Maelezo haya ni ya mwenye redio ya ridhaa anayefunga antena ya VHF (masafa ya juu sana) au Yagi ndogo, ile ya vijiti vilivyopangwa sambamba, kwenye mlingoti wa bomba, kilomita chache kutoka baharini.

Chumvi hula zaidi pale ambapo mvua haifiki. Bolti iliyo wazi huoshwa na masika na vuli. Iliyojificha chini ya upenu, ndani ya klampu au chini ya washa hubaki na chumvi yake, na chumvi hiyo hunyonya unyevu wa usiku hata kama hakujanyesha. Kwa hiyo kila mwanya kwenye ufungaji wako una njia mbili tu: uzibwe na grisi, au uachwe wazi uoshwe. Mwanya ulio nusu kwa nusu ndio utakaooza kwanza.

Kununua

Tazama kichwa cha bolti ya chuma cha pua. Ikiandikwa A2, ambayo ndiyo 304, inatosha kabisa Dodoma au Nairobi. Pwani itaanza madoa ya kahawia, kisha vishimo. A4, yaani 316, ina molibdeni asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayoizuia chumvi isitoboe. Bei yake ni ya juu, lakini antena moja haihitaji nyingi. Bolti isiyo na alama yoyote ihesabu kuwa si A4, hata muuzaji akiapa. Sumaku nayo haimalizi ubishi: A2 halisi inaweza kuvutwa kidogo kwa sababu ya namna ilivyofinyangwa kiwandani. Ikinasa kwa nguvu kama msumari wa kawaida, iache dukani.

Kwenye galvanaizi, yaani chuma kilichopakwa zinki, kuna aina mbili zinazochanganywa. Ile inayong'aa imepakwa zinki kwa umeme, tabaka la mikroni 5 hadi 12 hivi, na pwani haichukui muda kuisha. Iliyochovywa kwenye zinki ya moto ni ya kijivu, imefifia na inakwaruza kidogo ukiigusa. Tabaka lake kwenye bolti hufika karibu mikroni 50. Nunua bolti hizo pamoja na nati zake, kwa kuwa nati zake huchongwa pana kidogo kuacha nafasi ya zinki. Nati ya kawaida haitaingia, na ukiilazimisha kwa spana unakwangua kile ulicholipia.

Klampu za ekzosi za magari ni rahisi na ziko kila duka la spea. Usizitumie. Zinki yake ni nyembamba, na kitako chake ni chembamba kiasi kwamba huuminya mrija wa alumini hadi unabonyea, na mrija uliobonyea huvunjika pale palipobonyea upepo unapoutikisa. Tafuta yubolti yenye kitako kipana, au bati nene la alumini la milimita 5 hadi 6 lenye matundu manne.

Angalia na vipimo. Bomba la maji la inchi 1 lina kipenyo cha nje cha milimita 33.7, la inchi 1½ ni 48.3, la inchi 2 ni 60.3. Inchi za bomba hutaja tundu la ndani kwa makadirio, hivyo ukienda dukani kuomba yubolti ya inchi 1½ kwa ajili ya bomba la inchi 1½, utarudi na kitu kisichoingia. Pima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo.

Metali zinazogombana

Shaba na alumini zisigusane. Zikilowa maji ya chumvi alumini hugeuka unga mweupe, na mgusano wa umeme unapotea hata kabla kiungo hakijakatika. Hata kugusana hakuhitajiki: maji yanayochuruzika kutoka kwenye antena ya bomba la shaba hubeba chembe za shaba na kuila alumini au zinki iliyo chini yake. Panga shaba chini, alumini juu. Ukilazimika kuunganisha waya wa shaba kwenye mrija wa alumini, weka washa ya chuma cha pua katikati.

Bolti ya chuma cha pua kwenye mrija wa alumini haina shida kubwa, kwa kuwa bolti ni ndogo na alumini ni nyingi, uharibifu unatawanyika. Kinyume chake ni hatari: ribiti za alumini zilizoshika bati la chuma cha pua huliwa upesi, kwa sababu kipande kidogo ndicho kinacholipia kipande kikubwa.

Kufunga

Safisha sehemu za alumini zinazogusana kwa brashi ya waya ya chuma cha pua au msasa, kisha paka mara moja grisi ya viungo vya alumini, ile yenye chembe za zinki. Ukichelewa, alumini inajifunika upya na ngozi isiyopitisha umeme. Ingiza mirija, izungushe kidogo, futa grisi iliyotokeza.

Nyuzi za bolti za chuma cha pua zipakwe grisi ya kuzuia kushikana, yenye nikeli au molibdeni disalfaidi; ukiikosa, grisi ya boti ni afadhali kuliko kuziacha kavu. Nyuzi kavu za chuma cha pua hukwanguana, ngozi yake ya kinga inatoka, na metali tupu hunatana. Nati inagoma katikati: haipandi, haishuki, na dawa ni msumeno. Drili ya kukazia huharakisha hilo kwa sababu ya joto. Zungusha kwa mkono, polepole. Kwa nyuzi zenye grisi, bolti ya A2-70 au A4-70 (70 ni daraja la nguvu) ya M6, yaani ya milimita 6, hukazwa takriban Nm (nyutoni mita) 6, na ya M8 takriban 14. Kwenye mrija mwembamba usifike huko bila kuweka kipande cha mrija mwingine ndani yake kama tegemeo.

Yubolti ina nati mbili. Kaza huku nusu mzunguko, kule nusu mzunguko, mpaka nyuzi zilizotokeza ziwe sawa pande zote. Ukimaliza upande mmoja kwanza, kitako kitakaa mshazari na kushika kwa ncha tu. Weka yubolti mbili kwa kila bati. Wengine hutoboa mlingoti na kupitisha bolti ili antena isizunguke. Kwenye bomba la galvanaizi tundu hilo ndilo mlango wa kutu. Ukilazimika, lipake rangi ya zinki ndani na nje, pamoja na ncha zote ulizokata.

Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake huwa mara nne. Antena ya mirija yenye eneo la nusu mita ya mraba husukumwa kwa uzito wa karibu kilo 7 upepo ukiwa kilomita 50 kwa saa, na karibu kilo 29 ukifika 100.

Klipu za hosi zikaguliwe skrubu: mara nyingi mkanda ni chuma cha pua na skrubu ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. Tai za plastiki ziwe nyeusi zinazostahimili jua. Nyeupe hukauka na kupasuka.

Waya wa milimita 6 wa kushikilia mlingoti uwe na klipu tatu za U kila mwisho, zikiachana karibu milimita 40. Kitako cha klipu kikae kwenye upande unaobeba mzigo, na kipinde cha U kwenye mkia uliokatwa. Ukigeuza, kipinde hukatakata nyuzi zinazobeba mzigo.

Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe au Lamu, hazishiki bolti za kupanuka: ukuta unamomonyoka ndani na bolti inatoka na kipande chake. Pitisha bolti ukuta mzima na uweke bati upande wa pili.

Kiungo cha kebo kifungwe kwanza kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kisha tepu nyeusi ya umeme juu yake. Anza chini kupanda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya ule wa chini, kama makuti yanavyopangwa, maji yateleze. Acha kebo ining'inie kitanzi kabla haijaingia ndani ili maji yadondoke hapo.

Kabla ya kuinua chochote, hakikisha nyaya za umeme ziko mbali kuliko urefu wote wa mlingoti pamoja na antena.

Ukaguzi

Kagua mwezi Machi, kabla ya masika na kusi, na tena Novemba. Mwagia vifungio maji baridi yasiyo na chumvi, hasa vilivyo chini ya upenu. Unga mweupe kuzunguka bolti maana yake alumini inaliwa: fungua, safisha, paka grisi upya. SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena) inayorukaruka upepo ukivuma, au sauti ya mikwaruzo kwenye kipokezi mlingoti ukitikisika, huelekeza kwenye kiungo kilicholegea au kilichoota ngozi. Anzia pale kebo inapoingia antena. Nati za kujifunga zenye pete ya nailoni zikishafunguliwa, weka mpya.