Jinsi ya Kupanga Masenta Bora wa NBA Bila Kudanganywa na Namba

Kijana mmoja ninayecheza naye kikapu jioni aliniletea orodha yake ya masenta kumi bora wa muda wote wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Senta ni yule mrefu anayecheza karibu na ringi. Juu kabisa kaweka Wilt Chamberlain, kisa pointi 100 katika mechi moja. George Mikan hayumo, kisa "huyo ni wa zamani mno". Tukakaa chini tukaipanga upya, na utaratibu tuliofuata ndio huu. Nafasi ya senta ndiyo ngumu kuliko zote kulinganisha, kwa sababu sheria kadhaa za mchezo zilibadilishwa kwa ajili ya kuwabana watu wa nafasi hiyo hiyo. Ukiiweza, magadi na mafowadi, yaani nafasi nyingine za uwanjani, ni mteremko.

Unachohitaji ni daftari, kalamu, na tovuti ya takwimu ya Basketball-Reference. Zile programu za simu za kuburuta picha za wachezaji na kuzipanga kwenye madaraja sizitaki hata kwa bure. Zinakufanya umalize kupanga kabla hujaanza kufikiri.

Hatua ya 1: Andika swali lako juu ya ukurasa

Unamtafuta aliyefika juu zaidi alipokuwa moto, au aliyedumu juu kwa muda mrefu zaidi? Bill Walton aliipa Portland ubingwa mwaka 1977, akawa mchezaji bora wa msimu mwaka 1978, halafu miguu ikamwangusha. Kazi yake yote ina mechi 468 tu za msimu wa kawaida. Kareem Abdul-Jabbar alicheza misimu 20. Ukiuliza swali la kwanza, Walton anaingia kumi bora bila taabu. Ukiuliza la pili, humwoni.

Mimi huandika hivi: "Kama ningekuwa na timu, na ningempata mchezaji huyu kwa kazi yake yote, katika zama zake mwenyewe, ningemchukua nani kwanza?" Maneno "katika zama zake mwenyewe" usiyaruke. Ukianza kumhamisha Mikan aje kucheza leo, au Nikola Jokić arudi mwaka 1950, unatunga hadithi.

Hatua ya 2: Nani ni senta?

Tatizo ni Tim Duncan. Alianza akicheza pembeni ya David Robinson kama fowadi, baadaye akawa anasimama katikati. Mimi namwacha kwa mafowadi na sifungui mjadala, kwa sababu ukiufungua hufiki hatua ya tatu.

Hatua ya 3: Kusanya majina

Kumi na tano hivi yanatosha. Yanajulikana.

Hatua ya 4: Rekebisha zama

Hapa ndipo usiku unapokuchia ukiwa bado na kalamu mkononi, kwa hiyo chemsha chai.

Anza na namba inayowapumbaza watu wengi, ribaundi za Chamberlain, yaani mipira aliyoidaka baada ya mtupo kukosa. Msimu wa 1961-62 alidaka wastani wa 25.7 kwa mechi. Siku hizi anayedaka 13 anasifiwa. Je, Chamberlain alikuwa bora mara mbili? Tazama kwanza ribaundi zilizokuwepo za kudaka. Msimu ule timu ya kawaida ilirusha takriban mara 108 kwa mechi na kufunga asilimia 43 hivi, kwa hiyo mipira iliyokosa ilikuwa mingi, na kila timu ilipata wastani wa ribaundi karibu 71. Msimu wa 2017-18 wastani huo ulikuwa karibu 43.5.

Sasa usilinganishe namba kwa namba. Gawa namba ya mchezaji kwa wastani wa timu katika msimu wake. Chamberlain: 25.7 kwa 71 ni asilimia 36. Andre Drummond alidaka 16.0 msimu wa 2017-18 akiwa Detroit: ukigawa kwa 43.5 unapata karibu asilimia 37. Ndiyo, Drummond. Na Chamberlain alikuwa akicheza mechi nzima. Wastani wake wa msimu ule ni dakika 48.5, zaidi ya dakika 48 za mechi ya kawaida, kwa sababu ya muda wa nyongeza. Drummond alikuwa akipumzika robo ya mechi na zaidi.

Hapa wengi hurukia hitimisho kwamba Chamberlain alibebwa na zama. Subiri. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa pointi. Wastani wake ulikuwa 50.4, na timu ya kawaida ilifunga karibu 119: asilimia 42. Shaquille O'Neal (Shaq), msimu wake bora wa 1999-2000, alifunga 29.7 wakati timu zikifunga karibu 97.5: asilimia 30. Kareem msimu wa 1971-72, 34.8 kwa 110: asilimia 32 hivi. Kwa hiyo marekebisho yale yale yanayozishusha ribaundi za Chamberlain chini yanaziacha pointi zake juu ya mti peke yake. Ndiyo maana nasisitiza ufanye kila namba kivyake. Anayepunguza namba zote za miaka ya sitini kwa kiwango kimoja hajarekebisha kitu.

Mambo ya kuangalia ukiwa kwenye hatua hii:

Bloku, yaani mitupo ya mpinzani iliyozuiwa hewani, hazikuhesabiwa rasmi hadi msimu wa 1973-74. Bill Russell alistaafu 1969 na Chamberlain 1973, hivyo kwenye kumbukumbu za ligi wote wawili hawana hata moja, na Kareem amepoteza bloku za misimu yake minne ya mwanzo. Rekodi ya Hakeem Olajuwon ya bloku 3,830 ni ya kweli, lakini ni rekodi ya zilizoandikwa. Ukiona fomula inayojumlisha bloku na kuwapanga masenta wa zama zote, ifunge.

Eneo la sekunde tatu, lile la mbele ya ringi ambalo mshambuliaji haruhusiwi kusimama zaidi ya sekunde tatu, lilikuwa na upana wa futi 6. Mwaka 1951 likapanuliwa hadi 12, ili Mikan asiweze kusimama chini ya ringi kama mwenye nyumba. Mwaka 1964 likawa futi 16, safari hii akilengwa Chamberlain. Mtu ambaye ligi imebadilisha uwanja kwa sababu yake usimfute kwa kusema ni wa zamani. Mikan ana mataji matano na Minneapolis, na matatu ya mwisho, kuanzia lile la 1952, yalikuja baada ya eneo kupanuliwa.

Hadi 2001 ulinzi wa kanda, yaani beki kulinda eneo badala ya mtu, ulikuwa umekatazwa. Olajuwon, Patrick Ewing, Robinson na Shaq wa mwanzo walipokea mpira mgongo ukiwa kwenye ringi, na beki mmoja nyuma yao. Wa pili akitaka kusaidia ilibidi aje waziwazi. Jokić anapokea mpira huku wanne wameshajipanga kumsubiri. Sina namba ya kusahihisha hilo. Liandike pembeni ya daftari na ulikumbuke ukifika hatua ya mwisho.

Halafu ukubwa wa ligi. Mwaka 1961-62 kulikuwa na timu 9, leo ni 30. Jambo hili lina pande mbili, na wabishi huchukua upande mmoja tu. Timu chache zilimaanisha raundi chache hadi ubingwa, hivyo pete 11 za ubingwa za Russell zilipita njia fupi. Lakini timu chache pia zilimaanisha huna usiku wa kupumzika: Russell na Chamberlain walikutana zaidi ya mara 140. Hakuna senta wa leo anayemwona mpinzani wake mkubwa mara nyingi hivyo.

Hatua ya 5: Tuzo, kwa tahadhari

Usizijumlishe. Tuzo ya mchezaji bora wa fainali ilianza 1969, mwaka ambao Russell alikuwa anamaliza, na ikaenda kwa Jerry West, aliyeshindwa fainali hiyo. Kwa hiyo mtu mwenye mataji 11 katika misimu 13 hana hata moja, na tangu 2009 tuzo yenyewe inaitwa kwa jina lake. Tuzo ya mlinzi bora ilianza msimu wa 1982-83. Tuzo ya mchezaji bora wa msimu ilipigiwa kura na wachezaji wenyewe hadi 1980, ndipo waandishi wakachukua. Mwaka 1962 wachezaji walimtazama Chamberlain akifunga 50 kila usiku, wakampa Russell. Mimi kura ile naipa uzito mkubwa kuliko takwimu nyingi: waliopiga ndio waliokuwa wakisukumana nao chini ya ringi.

Hatua ya 6: Tazama mechi nzima

Nzima, siyo vipande vya dakika tatu. Vipande vinaonyesha bloku. Havionyeshi mshambuliaji aliyefika mlangoni, akamwona Dikembe Mutombo, akageuza njia.

Hatua ya 7: Pambanisha wawili wawili

Andika kila jina kwenye kipande cha karatasi. Chukua viwili, soma swali la hatua ya 1 kwa sauti, weka mshindi juu. Endelea na anayefuata. Sipendi kabisa mtindo wa kugawa alama, pete asilimia 30, pointi asilimia 20, kwa sababu mtu huchezea asilimia mpaka kipenzi chake atokee juu, halafu anasema ni hesabu.

Utakwama kwenye mzunguko: Russell anamshinda Chamberlain, Chamberlain anamshinda Shaq, halafu ukiwaweka Shaq na Russell unaona Shaq anashinda. Maana yake umebadilisha swali njiani bila kujijua. Mara nyingi umemhamisha mmoja zama. Rudi juu ya ukurasa.

Mapenzi ya nyumbani nayo yasubiri nje. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, na ni fahari yetu, lakini orodha hii haimhusu. Mutombo wa Kinshasa anahusika kweli, na tuzo zake nne za mlinzi bora. Kwangu anakaa nje kidogo ya kumi, kwa sababu upande wa kufunga hakuwahi kubeba timu. Mkongomani akinibishia nitamsikiliza.

Zangu zilitoka hivi: Kareem, Russell, Olajuwon, Chamberlain, Shaq, Jokić, Moses Malone, Mikan, Robinson, Ewing. Kareem hakunisumbua: tuzo sita za mchezaji bora, mataji sita, la kwanza 1971 na la mwisho 1988. Olajuwon juu ya Chamberlain ndipo kijana wangu aliponuna. Msimu wa 1993-94 Olajuwon alitwaa mchezaji bora wa msimu, mlinzi bora na mchezaji bora wa fainali kwa pamoja, jambo ambalo hakuna mwingine amefanya ndani ya msimu mmoja. Mwaka uliofuata akamtoa Robinson, aliyekuwa ndiyo kwanza kapewa tuzo ya mchezaji bora, kisha akamfagia Shaq 4-0 fainali. Chamberlain alikuwa na mwili wa watu wawili, lakini mataji yake mawili, 1967 na 1972, yalikuja alipokubali kufunga kidogo.

Anayeweza kuhama ni Jokić peke yake. Tuzo tatu za mchezaji bora, ubingwa wa 2023, na msimu wa 2024-25 akawa senta wa kwanza kumaliza na wastani wa tarakimu mbili katika pointi, ribaundi na asisti (pasi zinazozaa kikapu). Fainali zikiisha kila Juni, chukua karatasi yake na ya Shaq tu, uwapambanishe tena. Waliostaafu waache walipo.