Karanga iliyozama majini si lazima iwe hai

Wakulima wenzangu wa Nachingwea, Masasi na Newala, acheni kupima karanga za mbegu kwa ndoo ya maji. Desturi hii imetoka kwenye mikorosho: korosho ya mbegu huwekwa majini, inayoelea hutupwa kwa sababu punje yake haikujaa. Lakini maji yanapima uzito, hayapimi uhai. Karanga iliyouawa na joto la chini ya bati imejaa vilevile, na itazama.

Msimu uliopita nilifukua mashimo na mama mmoja shambani kwake. Mbegu zake zote zilikuwa zimezama ndooni. Ardhini tulikuta punje laini, za kahawia, zinanuka. Katika mashimo 10, mawili tu yalikuwa na mche, na vibarua alishawalipa. Wengine huzianika zilizolowa na kuzirudisha guniani. Hapo wanaweza kuua hata zilizokuwa hai.

Badala yake pima uotaji, katikati ya Novemba, siyo siku wingu limeshatanda. Chota juu, katikati na chini ya gunia, menya kwa mkono, changanya, hesabu punje 100 bila kuchagua nzuri. Usiniambie 10 zinatosha! Kwa 10, punje moja tu inageuza jibu kwa asilimia 10.

Chukua kipande cha kanga kuukuu, kisuuze sabuni iishe kabisa, kiloweshe, kisha kikamue mpaka kisidondoshe hata tone. Hapa ndipo wengi wanaharibu: kitambaa kikichuruzika, hata mbegu hai inaoza, nawe unadhani ilikuwa mbovu. Panga mistari 10 ya punje 10, zisigusane, viringisha, weka ndani kivulini. Nyunyizia kikianza kukauka.

Karanga hesabu siku ya 5, kisha siku ya 10. Mahindi ni siku ya 4 na ya 7. Ufuta ya 3 na ya 6. Mbaazi ya 4 na ya 10. Hesabu yenye mzizi na chipukizi vizima tu. Iliyotoa ncha ikaishia hapo haimo.

Zikifika 80, panda kama kawaida. Zikiwa 70, penye mbegu 2 weka 3. Chini ya 60, tafuta mbegu nyingine mapema, na zenye ukungu zisiingie jikoni: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiishi kwa kuchemsha.